Escort Mk2 inanishinda mlima wa Kitonga: nibadilishe krauni na pinioni, au nitafute LSD kwanza?

#1 KijanaWaMoro
Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kabla sijachoma hela.

Nina Ford Escort Mk2 ya 1977, milango miwili, injini ni ile ile 1300 iliyozaliwa nayo, gia nne. Mzee aliyeniuzia aliniambia ekseli ya nyuma ilitoka kwenye Escort ya 1600 na difu yake (meno yanayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) ni 3.54. Nina matatizo mawili.

La kwanza mlima. Mwezi uliopita nilikwenda Iringa na mke, watoto wawili na mizigo ya kawaida. Kufika Kitonga nikanasa nyuma ya semi ya mafuta ya Zambia. Gia ya tatu gari linakosa pumzi, ya pili linalia kama cherehani, katikati hakuna kitu. Sindano ya joto ikapanda, mke akanyamaza kabisa. Walio kwenye ndoa wanajua ukimya ule.

La pili tope. Machi niliingia njia ya Mgeta kumsalimia bibi. Kwenye kona moja gari likakaa. Magurudumu ya nyuma yalizunguka mpaka yakachimba mashimo mawili kama makaburi ya kuku, tukavutwa na Fuso.

Sasa swali: niweke krauni na pinioni (meno makubwa mawili ya difu) ya 4.125, au nitafute LSD (difu isiyoachia gurudumu moja lizunguke bure), au vyote kwa mpigo maana ekseli itafunguliwa mara moja?

#2 Grisi_Mkononi
Karibu jukwaani. Jibu fupi: 4.125.

Jibu refu. 3.54 maana yake propela (shafti inayotoka giaboksi kwenda difu) inazunguka mara tatu na nusu na kidogo kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Ni meno 39 ya krauni kugawa kwa 11 ya pinioni. 4.125 ni 33 kwa 8. Tairi la 175/70 R13 mzingo wake ni kama mita 1.81. Kwa hiyo gia ya nne, ambayo kwenye giaboksi yako ni moja kwa moja, injini ikiwa mizunguko 3000:
3.54 unakwenda km 92 kwa saa
3.77 (34 kwa 9) km 86
3.89 (35 kwa 9) km 84
4.125 km 79
4.44 (40 kwa 9) km 73

Ukitoka 3.54 kwenda 4.125 unapata nguvu ya kusukuma zaidi ya asilimia 16 kwenye kila gia. Kwa 1300 yenye familia ndani, hiyo ndiyo tofauti ya kupumua na kukata roho. Bei yake ni kelele kwenye tambarare ya Mikumi. Pale twiga watakusikia kabla hawajakuona.

#3 Nakuru_Mk1
Watu wa Bongo mnaogopa sana hahaha. Weka 4.44 na usahau. Escort ilishinda Safari Rally 1973 na difu fupi, na ile barabara haikuwa na lami ya Mikumi. Gari ndogo inataka gia fupi, hiyo mambo ya kuhesabu kilomita ni ya watu wa Mercedes.

#4 MzeeWa404
Nakuru, utani sawa, tarehe hapana. Escort ilishinda Safari 1972, Hannu Mikkola na Gunnar Palm kwenye RS1600, halafu 1977, Björn Waldegård kwenye RS1800. 1973 ilikuwa Datsun 240Z ya Shekhar Mehta.

Tena usimdanganye kijana kwamba lile gari na lake ni ndugu wa damu. Zile za mashindano zilikuwa na ekseli ya Atlas, ambayo ina kifuniko nyuma, nzito, nene. Ya kijana bila shaka ni ile waliyoita ya Kiingereza, nyuma imezibwa kama tumbo la chungu, difu lote linatolewa kwa mbele na kikapu chake (fremu inayoshika meno). Krauni ya Atlas haiingii humo hata ukiiombea dua.

Na kwa kuwa mmenichokoza: Peugeot 404 ilishinda Safari 1963, 1966, 1967 na 1968, mbili za katikati akiendesha Bert Shankland aliyekuwa akiishi hapa Dar. Ile gari haikuwa na krauni na pinioni kabisa. Ilikuwa na skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi, kimya kama paka. Niliua moja mwaka 1984 kwa kuweka gia oili ya kisasa yenye kiberiti (salfa) kingi. Kiberiti kile kinakula shaba. Nilipofungua, meno yalikuwa makali kama ya msumeno. Baba hakunisemesha wiki nzima.

#5 Nakuru_Mk1
Shikamoo mzee. Nimekubali, 1972. Nilikuwa sijazaliwa, nilisimuliwa na mjomba, na mjomba alikuwa na chupa.

Lakini 4.44 sijaiachilia.

#6 DadaSpana
Mnabishana uwiano, hamjamjibu kuhusu LSD. Ngoja nigawe, maana hapa watu wanaita kila kitu LSD.

Difu ya kawaida ina spaida gia ndani (meno madogo yanayoruhusu magurudumu mawili yaende kwa kasi tofauti). Inagawa nguvu sawa kulia na kushoto, na hapo ndipo ubaya: gurudumu moja likikosa mshiko, la pili nalo linapewa kile kile kidogo. Linabaki kumtazama mwenzake akicheza.

LSD ya sahani (wengine wanaiita Salisbury) ina sahani za msuguano kama za klachi ya pikipiki. Kuna mkazo wa awali unaozibana hata ukiwa umesimama, halafu ukikanyaga mafuta kuna pembe zilizochongwa ndani zinazosukuma sahani zibane zaidi. Inafanya kazi hata gurudumu moja likiwa hewani. Inachakaa, inahitaji oili yenye dawa ya msuguano, na kwenye kona kali za taratibu inagugumia.

LSD ya meno tupu, kama Quaife au Torsen, haina sahani. Inapeleka nguvu kwa gurudumu lenye mshiko kwa kuzidisha kile ambacho lile dhaifu bado linashika. Barabarani tamu sana, haichakai upesi, usukani hausumbuki. Ila sifuri zidisha na chochote ni sifuri. Gurudumu likining'inia kwenye mtaro, umerudi kwenye difu ya kawaida.

Kwa njia ya Mgeta mimi ningechukua ya sahani. Kwa mtu wa lami tupu, ya meno.

#7 Muscat_wa_Pemba
Ahsante bi mkubwa, umeeleza vizuri. Naongeza moja tu la mchangani. Hapa tukienda na gari lenye difu ya kawaida, au hiyo ya meno, gurudumu likianza kuzunguka bure unavuta handibreki kidogo kidogo huku unakanyaga mafuta. Breki inalidanganya lile gurudumu bure kwamba lina mshiko, na difu inapeleka nguvu upande wa pili. Escort handibreki yake iko magurudumu ya nyuma, basi jaribu kabla hujatoa hata senti.

#8 ChomaTu
Mnazunguka mbuyu. Toa difu, peleka kwa mtu wa welding, chomelea spaida gia, rudisha. LSD ya maskini. Asubuhi unaipeleka, jioni uko Mgeta. Nimefanya kwenye Corolla KE70 yangu, mwaka wa pili huu.

#9 DadaSpana
@ChomaTu na tairi umebadilisha mara ngapi katika mwaka huo wa pili? Jibu kwa ukweli.

Difu ya kuchomelea inalazimisha magurudumu yote mawili yaende sawa hata kwenye kona, wakati la nje linatakiwa kwenda mbali zaidi. Kwenye tope linateleza, hamna shida. Kwenye lami kavu kitu fulani lazima kikubali: ama tairi inakwaruza, ama hafu shafti (fimbo inayotoka difu kwenda gurudumu) inajisokota. Na ekseli ya Kiingereza ya Escort, hafu shafti ndiyo inayobeba gurudumu lenyewe. Ikikatika karibu na beringi ya nje, gurudumu na ngoma yake vinatoka pembeni vinakuaga. Ndiyo maana magari ya mashindano yanawekewa ekseli ambayo hafu shafti kazi yake ni kuzungusha tu, uzito unabebwa na habu.

#10 ChomaTu
Tairi seti tatu. Lakini za mtumba.

#11 KijanaWaMoro
Nimecheka hapo juu. Shukrani wakuu.

DadaSpana umenishtua kidogo. Mwaka jana hafu shafti ya kushoto ilikatika nikitoka Msamvu, bahati nilikuwa naondoka taa zilipowaka, mwendo wa kobe. Fundi akasema chuma kilikuwa kizee.

Halafu nilisahau kusema, gari limefungwa rimu za inchi 14, tairi 185/65. Zilikuja hivyo. Ina maana yoyote?

#12 Grisi_Mkononi
Ina maana?! Nimepiga hesabu yote ile kwa inchi 13 halafu unaniambia post ya 11!

185/65 R14 kimo chake ni milimita 596, ile 175/70 R13 ni 575. Umeongeza asilimia tatu na nusu ya urefu wa gia bila kugusa difu. Kama kweli una 3.54, kwa tairi hizo ni sawa na mtu mwenye 3.42 kwenye inchi 13. Kwa 1300! Si ajabu mama watoto alinyamaza.

#13 HesabuTu
Nimesoma kuanzia #1 na kuna kitu nyote mmekiruka. Kijana hakusema gari ni zito kote. Alisema ya tatu haina pumzi, ya pili inalia, katikati hakuna kitu. Difu haiwezi kuziba hilo pengo! Pengo la gia ya pili na ya tatu liko ndani ya giaboksi. Uwiano wa ya pili kwa ya tatu utabaki ule ule ukiweka difu ya 3 au ya 5. Unachofanya na difu ni kulisogeza pengo kwenye mwendo mwingine. Leo anaumia kwenye 40, kesho ataumia kwenye 35.

#14 Grisi_Mkononi
Hesabu yako sawa, mlima wako siyo. Nyuma ya semi Kitonga mwendo hauchagui yeye, unachagua semi. Kwa 40, gia ya tatu na 3.54 kwenye inchi 13 injini iko 1850 hivi. Kwa 4.125 iko 2160. 1300 chini ya elfu mbili haina kitu, juu ya elfu mbili inaanza kuamka. Mizunguko 300 hapo ni mingi sana.

#15 HesabuTu
Na semi ikiwa 30?

#16 Grisi_Mkononi
Basi gia ya pili kama binadamu wengine. Twende mbele.

#17 Leicester_Mswahili
Salaam kutoka Uingereza. Spea za Escort huku bado zinatengenezwa mpya, krauni na pinioni za ekseli hiyo zipo, 4.125 na nyinginezo. Nina ndugu anakuja Dar mwezi ujao, anaweza kubeba ingawa ni chuma kizito na atanilaani.

Wazo lingine: huku wengi wanaweka giaboksi ya gia tano ya Sierra, wanaiita Type 9. Gia ya tano ni 0.82. Ukiwa na 4.125 na gia ya tano, mwisho wake ni kama difu ya 3.38 kwenye gia ya nne: kwa inchi 13, mizunguko 3000 ni km 96. Unapata mlima na unapata Mikumi. Ila boksi ni refu zaidi, propela lazima ikatwe, shafti ya kuingilia nayo ni ndefu kwa hiyo kuna kazi kwenye nyumba ya klachi, na mita ya mwendo itaanza kusema uongo.

#18 Nakuru_Mk1
Mita ya mwendo ya Escort imewahi kusema ukweli?

#19 MzeeWa404
Kijana, kabla ndugu wa Leicester hajabeba chuma: wewe mwenyewe umehakikisha ni 3.54? Au ni maneno ya muuzaji? Mimi nimeuziwa "injini mpya" mara nne maishani, zote zilikuwa na umri wangu.

#20 Grisi_Mkononi
Mzee kasema kweli. Fanya hivi Jumamosi. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, gia huru, handibreki chini. Nyanyua gurudumu MOJA la nyuma kwa jeki, weka stendi, lingine libaki chini. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Zungusha tairi mara 20 kamili, mtu mwingine chini ahesabu propela. Kwa kuwa gurudumu moja limefungwa na ardhi, krauni itazunguka nusu ya tairi, yaani mara 10. Propela ikizunguka mara 35 na nusu hivi, una 3.54. Ikizunguka 41 na robo, unayo 4.125 tayari na muuzaji alikupiga kwa faida yako.

#21 KijanaWaMoro
Wakuu nimerudi, nina grisi mpaka kwenye masikio. Gurudumu limegoma. Nimenyanyua la kulia, la kushoto liko chini, gia huru, halizunguki. Mpwa wangu kashika juu mimi chini, tumesukuma mpaka gari likayumba kwenye stendi tukaacha kwa usalama. Nakosea wapi?

#22 Muscat_wa_Pemba
Handibreki, sheikh. Kebo imeng'ang'ania. Escort zote za zamani hivyo.

#23 Grisi_Mkononi
Au hujatoa gia. Tikisa rungu la gia uhakikishe.

#24 KijanaWaMoro
Gia huru, nimehakikisha mara tatu. Handibreki nimelegeza kebo kabisa chini ya gari.

#25 DadaSpana
Kijana, acha hilo la chini. Nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, stendi mbili, zungusha la kulia, utwambie la kushoto linaelekea wapi.

#26 KijanaWaMoro
Nimefanya. Yote yanazunguka, laini kabisa, hakuna breki inayoshika. Na la kushoto linaelekea upande ULE ULE wa la kulia. Tumehesabu hivyo hivyo tukiwa hapo: tairi mara 10, propela mara 38 na karibu tisa ya kumi. Tumerudia mara mbili.

#27 DadaSpana
Hahahaha jamani.

38.9 kwa mara 10 ni 3.89. Meno 35 kwa 9. Siyo 3.54 hata kidogo.

Na gari lako tayari lina kitu kwenye difu. Rudini post #1, nimeisoma sasa hivi upya nikajiona mjinga. Kasema mwenyewe: "mashimo MAWILI kama makaburi ya kuku". Difu ya kawaida inachimba shimo moja! Gurudumu moja linachimba, lingine linakaa safi linaangalia. Alituambia tangu mwanzo na sote tukapita.

#28 Nakuru_Mk1
Waah. Mtu anatafuta miwani na ameivaa.

#29 ChomaTu
Imechomelewa hiyo. Karibu chamani kaka. Ndiyo maana hafu shafti ilikatika Msamvu.

#30 MzeeWa404
Taratibu. Magurudumu kwenda upande mmoja yakiwa hewani peke yake si ushahidi. Ukiwa na oili nzito na asubuhi ya baridi, difu ya kawaida kabisa inaweza kuyapeleka pamoja, maana ni rahisi kwake kuzungusha propela iliyo huru kuliko kuzungusha spaida gia. Mkitaka ushahidi, tia gia ya kwanza ili propela ishikwe, halafu zungusha gurudumu. Ya kawaida: la pili linarudi kinyume, bila matatizo. Ya sahani: linagoma, ukitumia nguvu linakubali. Ya kuchomelea: haliendi hata uite kijiji.

#31 Grisi_Mkononi
Mzee hilo ni kweli lakini kumbuka #21, gurudumu moja likiwa chini liligoma kabisa. Ya kawaida isingegoma. Kwa hiyo kawaida imeshatoka, zimebaki mbili.

#32 HesabuTu
Tatu. Spaida gia zinaweza kuwa zimekwama zenyewe kwenye pini yao. Gari likikaa miaka na maji yakiingia kwenye ekseli, au oili ikiisha, pini inaungua na gia zinashikamana nayo. Hakuna aliyechomelea, hakuna aliyenunua LSD. Umri tu. Nimeliona kwenye pikapu moja Njombe, mwenyewe alikuwa akijisifu kwamba halinasi.

#33 KijanaWaMoro
Nimefanya ya mzee. Gia ya kwanza, yote juu, bomba la chuma la mita moja limepitishwa kwenye spana ya magurudumu. Mpwa kaning'inia mwisho wa bomba, ana kilo hamsini na kitu. Limesogea. Kidogo, kama upana wa kiganja kwenye tairi, kwa mkwaruzo, halafu likasimama. Akitoka linabaki pale pale.

Na sasa kwa kuwa mmefumbua macho yangu: kituo cha mafuta nikikata kona kali sakafu inalia kwiii kwiii. Nilidhani ni sakafu ya rangi.

#34 DadaSpana
Kilo hamsini kwenye mita moja ni kama Nm 500. Ya sahani ikiwa na mkazo mzuri ingeachia mapema zaidi na ingeendelea kusogea, isingesimama. Mkwaruzo lakini unanipa tumaini la sahani. Labda zimeungua zikashikana nusu.

#35 ChomaTu
Au welding imepasuka upande mmoja! Yangu ilifanya hivyo, inasogea upana wa kiganja inagonga donge la welding inasimama. Nasema kwa uzoefu.

#36 HesabuTu
Au ni hafu shafti imejisokota ikaachia na injini ikarudi nyuma kidogo kwenye kompresheni, maana unapimia gia ya kwanza na si propela iliyofungwa kwa mkono. Injini ndogo, kilo hamsini, inaweza kuchezea kiganja kimoja.

#37 MzeeWa404
HesabuTu ana hoja ya injini. Ingawa alisema lilibaki pale pale, na chuma kilichosokotwa kingerudi. Mimi nabaki na pini iliyoungua.

#38 Leicester_Mswahili
Swali la kibiashara: krauni ya 4.125 bado inatakiwa? Ndugu ananiuliza uzito wa begi.

#39 Grisi_Mkononi
Hapo sasa pamebadilika. Toka 3.89 kwenda 4.125 unapata asilimia 6 tu, siyo 16. Na zile rimu za inchi 14 zinakula tatu na nusu. Kurudisha inchi 13 peke yake kunakupa zaidi ya nusu ya kile ambacho krauni mpya ingekupa, bila kufungua ekseli, bila kupanga shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi), bila kupaka bluu kwenye meno kutafuta alama imekaa katikati. Nani Morogoro atakupangia pinioni kwa sehemu ndogo za milimita? Ikikosewa itavuma kama nyuki kutoka hapo mpaka mauti. Mimi nabadilisha kura yangu: inchi 13 kwanza.

#40 Nakuru_Mk1
Na mimi bado 4.44.

#41 HesabuTu
Kama ni 3.89 basi mlima haukuwa difu tangu mwanzo, na nilisema. Escort nyingi za 1300 ziliishi na 3.89 na 4.125 zikapanda milima. Angalia taiming (wakati wa cheche), angalia kabureta. Iringa mjini ni kama mita 1600 juu ya bahari, kila mita elfu injini inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Sindano ya joto kupanda nayo inaniambia taiming iko nyuma.

#42 Muscat_wa_Pemba
Kitonga yenyewe haiko 1600, ndugu yangu. Iko chini ya Iringa sana. Usimpandishe kabla ya wakati.

#43 HesabuTu
Sawa, toa hewa, bakiza taiming.

#44 KijanaWaMoro
Wakuu, nimenyonya oili kidogo ya difu kupitia tundu la kujazia, kwa bomba la sindano la ng'ombe. Ni ya kijivu, inang'aa kama rangi ya kucha, inanuka kiberiti. Nimepitisha sumaku: vumbi laini tu, hakuna vipande. Kwenye kidole ukisugua kuna kitu cha njano njano kidogo kinabaki.

#45 MzeeWa404
Njano? Difu yako haina gurudumu la shaba kama 404 yangu. Hiyo ni washa (ringi bapa) za nyuma ya spaida gia, kwenye baadhi ya ekseli ni za shaba. Pini imeungua, washa imesagika. Nimesema.

#46 DadaSpana
Au ni msuguano wa sahani. Baadhi ya sahani zimepakwa kitu chenye rangi ya shaba. Mng'ao bila vipande ndivyo oili ya LSD ya sahani inavyotoka ikikaa bila kubadilishwa.

#47 ChomaTu
Au fundi alichomelea kwa brazing (kwa shaba).

#48 Grisi_Mkononi
ChomaTu leo umenichekesha lakini kinawezekana.

Kijana, fungua. Ekseli hiyo difu lote linatoka mbele: toa propela, vuta hafu shafti mbili, nati za kuzunguka, kikapu kinatoka chote kwenye mikono yako. Kazi ya saa tatu hivi. Weka trei chini.

#49 KijanaWaMoro
Nitafungua, ila Jumamosi hii nina arusi Iringa na nimeahidi kuwabeba wazazi wa bwana arusi. Rimu za inchi 13 nimeazima kwa jirani, leo jioni nafunga. Taiming nimempa fundi aangalie kesho asubuhi. Difu wiki ijayo, nitaleta picha.

Leicester kaka, mwambie ndugu asipakie kwanza.

#50 Nakuru_Mk1
Ukikuta ni ya sahani nzima, naichukua. Taja bei.

#51 KijanaWaMoro
Haiuzwi mpaka niijue jina.

#52 DadaSpana
Kitonga ukipita na wazazi wa bwana arusi, kona kali chukua taratibu. Na hafu shafti ya kulia bado ni ile ya zamani, au mlibadilisha zote mbili?

#53 KijanaWaMoro
Ya kushoto tu.

#54 DadaSpana
Kaka, panda basi.